Mawe ya Kale Yasemavyo Habari za Nyama
Maneno ya hotuba iliyotolewa kwa watu wa Kenol



Kila msafiri apitaye Kenol aijua sifa ya nyama ya kuchoma ya mji huu. Mchinjaji amalizapo kazi hukifuta kisu chake, akaona kimetakata. Lakini mafuta husalia penye mpini, na makali hubadilika kidogo kila yagusapo mfupa. Jambo hilo dogo ndilo msingi wa elimu ya kuwatambua wanyama waliokatwa kwa zana za mawe zamani za kale.

Njia ni tatu. Kwanza, mtaalamu hulitazama jiwe kwa hadubini; kukata nyama huacha alama moja penye makali, na kukata mti alama nyingine. Pili, mifupa iliyo karibu huchunguzwa kama ina chale. Tatu, mabaki ya damu yaliyojificha katika nyufa za jiwe hupimwa kwa dawa ishikamanayo na protini ya mnyama wa aina fulani tu. Kwa njia hii mawe 44 kutoka Azraq, nchini Yordani, yenye umri wa miaka 250,000 hivi, yalipimwa. Na mwaka 2016 ilitangazwa kuwa 17 yalikuwa na mabaki ya wanyama, kama farasi, kifaru, ng'ombe wa mwitu na bata.

Wako wataalamu waionao shaka njia hiyo ya tatu, kwa kuwa damu huoza, na jasho la mkono huweza kumpotosha mpimaji. Kwa hiyo ni heri jiwe na mfupa vishuhudie pamoja. Ndivyo ilivyokuwa Nyayanga, katika rasi ya Homa, kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 2023 zilitangazwa habari za zana 330 na mifupa 1,776 kutoka huko, za tangu miaka milioni 2.6 hadi milioni 3 iliyopita. Mifupa ya viboko ilikuwa na chale, na mawe yalikuwa na alama za kukata nyama na kuponda mimea. Palionekana pia meno mawili ya Paranthropus, jamaa wa mbali wa binadamu. Basi haijulikani kwa yakini ni mkono wa nani uliovishika visu hivyo.

Katika kupanua barabara ya kutoka Kenol hadi Marua udongo mwingi umechimbuliwa, nanyi huchimba misingi na mitaro kila mwaka. Ukiona jiwe lililochongwa, usilioshe wala usilifute. Ukiliosha, umefuta ushahidi. Usiliondoe mahali pake, maana jiwe lililotengwa na mifupa yake limepoteza shahidi. Peleka habari kwa Makumbusho ya Taifa, kama sheria ya mwaka 2006 iagizavyo. Urithi huo ni wetu sote, nao ukipotea haununuliki.