Kutoka manamba wa mkonge hadi kibarua wa tumbaku

(Maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana, Kasulu)



Leo naanza na babu yangu. Aliondoka hapa kwenda Tanga kukata mkonge. Kule hakuitwa jina, aliitwa namba. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Kipande kilitaka siku 30 za kazi zitimie ndipo ulipwe.

Mkonge ule ulikwenda wapi? Ulikwenda kuwa kamba za kufungia mavuno ya wakulima wa Ulaya na Marekani. Wao wakitaka kamba, Tanga wanataka mikono, na mikono iko Buha. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua. Wilaya zetu zikafanywa ghala la watu. Mwenye kahawa yake nyumbani angepanda treni kwenda kukata mkonge wa mtu?

Vita ya Korea ikapandisha bei. Miaka ya 1960 zikaja nyuzi za plastiki, bei ikaporomoka, na kazi zikapotea. Aliyeamua hakuwa Tanga, wala hakuwa Kasulu.

Mnasema hiyo ni historia? Haya, msimu uliopita mdogo wangu alikwenda Tabora kulima tumbaku. Waliahidiana kwa mdomo tu: utalipwa tumbaku ikiuzwa. Ikauzwa. Tajiri akakata chakula, akakata dawa, akasema daraja limeshuka. Dogo karudi na baiskeli. Miezi yote ile, baiskeli! Mnyororo ni uleule, zao tu limebadilika. Bei ikishuka huko juu, anayeumia ni wa chini kabisa.

Simlaumu anayeondoka, njaa tunaijua. Ila tudai mambo matatu. Kwanza, mkataba wa maandishi kabla mtu hajapanda gari. Pili, halmashauri ituoneshe ile asilimia 4 ya mapato yake ya ndani, mikopo ya vijana, imekwenda kwa nani. Tatu, muhogo na maharage yetu yasindikwe hapahapa. Gunia likiondoka ghafi, ajira imeondoka nalo.

Kazi ya wiki hii: kila tawi liandike vijana waliorudi bila malipo, wakiridhia wenyewe. Andikeni majina yao, kiasi wanachodai na shamba walilofanyia kazi. Tukienda kwa afisa kazi, twende na karatasi mkononi.