Mwisho wa Mwaka wa Masomo: Milango Iliyo Wazi na Karatasi Zinazoifungua

(Matini ya mazungumzo kwa wanafunzi wanaomaliza kidato cha nne, wazee, walezi, walimu na watumishi wa Serikali, Unguja na Pemba)



Unapoingia mwezi wa Novemba, skuli za sekondari za Unguja na Pemba hubadilika sura. Madawati ya kidato cha nne hutengwa mbalimbali, sauti hupungua, na mtihani wa taifa huanza. Baada ya wiki chache mwanafunzi hurudi nyumbani, hutundika sare yake ukutani, na wazee humshukuru Mwenyezi Mungu. Wengi huona kwamba kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba baina ya siku hiyo na siku ya matokeo, ambayo kwa kawaida huwa katika mwezi wa Januari, ndipo vijana wengi wanapopoteza nafasi ambazo tayari wamezitolea jasho.

Furaha ya wazee ina msingi wake. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, elimu ilitangazwa kuwa bila ya malipo katika Visiwa hivi. Kabla ya hapo nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na mtoto wa mkulima wa Micheweni au wa mvuvi wa Kizimkazi hakuzitarajia. Leo mtoto huyo anakaa katika chumba cha mtihani sawasawa na mwenziwe wa mjini. Lakini kuingia katika chumba cha mtihani ni jambo moja, na kuitumia nafasi inayofuata ni jambo jingine.

Nafasi zenyewe ni nyingi kuliko zinavyodhaniwa. Mwanafunzi mwenye alama za A, B au C katika masomo matatu au zaidi anaweza kufikiriwa kuendelea na kidato cha tano. Asiyefikia hapo hajafungiwa kila mlango. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume iliyopo Mbweni hufundisha ufundi kwa ngazi ya stashahada. Vituo vya mafunzo ya amali, kama vile vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni, Vitongoji na Daya, huwapokea vijana wanaotaka kujifunza umeme, useremala, ushoni, upishi na fani nyenginezo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, hakiwapokei wa kidato cha sita peke yao, kwani kinazo pia kozi za cheti na stashahada. Na tangu mwaka 2023, tawi la chuo cha teknolojia cha IIT Madras cha India limefunguliwa Zanzibar, ambapo kijana aliyejizatiti katika hisabati anaweza kuiomba shahada ya sayansi ya data bila ya kuvuka bahari.

Iko dhana kwamba chuo cha amali ni mahali pa walioshindwa. Dhana hiyo haina faida kwa mtu yeyote. Nyumba zinahitaji fundi wa umeme, boti zinahitaji fundi wa mashine, na hoteli zinahitaji mpishi aliyesoma. Mzee anayemwambia mwanawe kwamba ni kidato cha tano au hakuna kitu, anamfungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Hata hivyo, linalowakwamisha vijana wengi si alama. Ni karatasi. Desturi ya Visiwa hivi ni mtu kuitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na baadhi huongeza la ukoo. Mtoto anapoandikishwa skuli, pengine na jirani au na kaka yake, jina la babu huachwa, Khamis huandikwa Hamisi, na Fatma huandikwa Fatuma. Hakuna anayejali kwa miaka kumi. Kisha fomu ya mtihani hujazwa kwa kufuata rejista ya skuli, na jina lililomo katika fomu hiyo ndilo linalochapwa katika cheti. Siku kijana anapoomba chuo au mkopo, cheti cha mtihani husema hivi, cha kuzaliwa husema vile, na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi husema jambo la tatu. Mbele ya ofisa, hao ni watu watatu.

Jambo hili si dogo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa mwaka 2011, na ile ya Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, zote zinamtaka mwombaji athibitishe yeye ni nani. Mwombaji aliyefiwa na mzazi hutakiwa pia kuonesha cheti cha kifo. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vinashughulikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, uliotokana na sheria ya mwaka 2018. Maombi yana siku ya mwisho, na siku hiyo haimsubiri mtu anayetafuta cheti cha kifo cha baba aliyefariki miaka minane iliyopita na ambaye kifo chake hakikuandikishwa.

Kwa hiyo miezi ya kusubiri matokeo isiwe ya kukaa barazani. Kijana anayekwenda kuchuma karafuu, kuvua au kufanya kibarua hotelini hafanyi aibu, kwani kazi ya halali ni heshima, na fedha hizo huweza kuwa nauli ya kwenda chuoni. La muhimu ni kwamba asiache kuzitazama karatasi zake.

Kwa upande wa watoto wa kike, miezi hii ndiyo ambayo posa hubisha hodi. Wazee wanakumbushwa kwamba Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011 inamtambua aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa ni mtoto. Na hata aliyetimiza umri huo ana haki ya kuyaona matokeo yake kwanza. Msichana aliyefaulu masomo ya sayansi, naye akaozwa mwezi wa Disemba, hukuta jina lake limeitwa na yeye hayupo.

Watumishi wa Serikali nao wana fungu lao. Mwalimu anayejaza fomu ya mtihani auweke mbele yake ule waraka wa kuzaliwa, asitegemee kumbukumbu. Sheha anayeombwa barua ya utambulisho aitoe siku hiyo hiyo iwezekanapo. Ofisa wa masjala ajue kwamba faili likilala mezani wiki mbili kwa sababu mwenye kutia saini yuko safarini, anayelipa ni mtoto wa mtu.

Kwa ufupi, kabla ya matokeo kutoka, kila nyumba yenye mwanafunzi aliyemaliza ihakikishe mambo manne: cheti cha kuzaliwa kipo, majina yanafanana herufi kwa herufi katika kila karatasi, kosa lililoonekana limepelekwa kwa anayehusika, na kijana amekwenda mwenyewe kuuliza masharti ya vyuo viwili au vitatu, si kimoja tu.

Wahenga walisema ajizi nyumba ya njaa. Mwanafunzi amekwisha kutimiza wajibu wake katika chumba cha mtihani. Uliobaki ni wa wazee wake, wa skuli yake na wa ofisi zinazomhudumia, na wakati wa kuutimiza ni sasa.