Bundi Aliyegeuka Paka: Hoja Dhidi ya Meme

Mwaka 1976 mwanabiolojia Richard Dawkins alichapisha The Selfish Gene, kitabu kinachohusu jeni, lakini ndani yake akaweka sura moja juu ya utamaduni. Alihitaji jina la kipande cha utamaduni kinachojizalisha vichwani mwa watu jinsi jeni inavyojizalisha miilini. Akaazima Kigiriki cha kuiga, akakifupisha, ikazaliwa meme. Nyimbo, misemo, mitindo ya mavazi, namna ya kufinyanga vyungu, vyote alivihesabu kuwa meme zinazoruka kutoka ubongo mmoja hadi mwingine kwa kunakiliwa. Yaliyofuata yanajulikana. Hata asiyewahi kukifungua kitabu hicho ana meme kwenye simu yake.

Ugomvi wa mhadhara huu ni juu ya kule kunakiliwa tu, na ni ugomvi wa zamani sana. Zeno, mwanzilishi wa Wastoa wa Athens, alisema taswira ni chapa inayopigwa rohoni. Mrithi wake Cleanthes akaichukua kauli hiyo kama ilivyo: chapa yenye mabonde na miinuko, sawa na ya pete ya muhuri kwenye nta. Chrysippus, aliyeshika uongozi baada yake katika karne ya 3 kabla ya Kristo, akaja juu. Mtu akiwaza pembetatu na mraba kwa pamoja, roho yake itakuwa na umbo gani? Na chapa mpya itaachaje kuifuta ya zamani? Yeye aliona taswira ni badiliko la roho yenyewe, kama hewa inavyopokea sauti za watu wengi wanaosema kwa mpigo. Aliyekwenda kwa Wagiriki kuazima istilahi angeuliza pia waligombania nini.

Chrysippus hakuwa na majaribio. Aliyekuwa nayo ni mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge, katika kitabu chake Remembering cha mwaka 1932. Bartlett aliwapa watu ngano ya wenyeji wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Marekani, iliyokuwa imechapishwa na mwanaanthropolojia Franz Boas. Vijana wawili wanashuka mtoni kuwinda sili. Mtumbwi wa wapiganaji unatokea. Mmoja wa vijana anafuatana na wapiganaji hao vitani, anapigwa lakini hasikii maumivu, anasema hao ni mizimu. Anarudi nyumbani, anasimulia, na jua linapochomoza kitu cheusi kinamtoka kinywani, anakufa.

Wasomaji wa Bartlett waliisimulia upya baada ya dakika chache, na wengine baada ya miezi au miaka. Mtumbwi ukawa mashua, kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Mizimu ilielekea kupotea kabisa, na kitu cheusi kikageuka povu la mdomoni au pumzi ya mwisho. Hawakuwa wasahaulifu wa ovyo: kila aliyeharibu aliharibu kuelekea kwenye lile alilokuwa analielewa tayari. Mpangilio huo wa mambo yanayojulikana, unaompokea mgeni na kumvisha nguo za nyumbani, Bartlett aliuita skema, Kigiriki kingine, ingawa mwenyewe alikiri kwamba istilahi hiyo hakuipenda.

Picha nazo hazikusalimika. Mchoro wa bundi wa hieroglifu za Misri ulipitishwa kwa mtu mmoja, akauchora kwa kumbukumbu, wa pili akauchora wa kwanza, hivyo hivyo. Mwisho wa mnyororo bundi alikuwa paka mweusi mwenye mkia.

Mpwa wa mhadhiri, aliyelelewa Tanga, aliwahi kusimuliwa ngano ile ya mizimu wakati wa chakula cha usiku. Kesho yake alipowasimulia wenzake, sili walikuwa viboko, kama ilivyotarajiwa. Ila mizimu haikupungua hata mmoja, na kile kitu cheusi alikitaja bila kusita kuwa ni jini lililompanda yule kijana. Pale Cambridge ilipojikwaa, yeye alipita moja kwa moja.

Dawkins hakukosa jibu kwa hoja hii ya kugeuka. Katika utangulizi alioandika mwaka 1999 kwa kitabu cha Susan Blackmore juu ya meme alitumia mashua ya karatasi aliyofundishwa na baba yake: anayefundishwa kuikunja hunakili maelekezo, si mikunjo iliyopinda, kwa hiyo makosa hayalimbikizani. Ni hoja nzuri. Mwanaanthropolojia Dan Sperber aliijibu vizuri zaidi: maelekezo hufuatwa na mtu anayejaziliza yasiyosemwa kwa ujuzi alio nao. Basi tumerudi kwenye skema.

Kuna mfano mzito kuliko karatasi. Katika madrasa za pwani ya Afrika Mashariki mtoto huhifadhi Kurani herufi kwa herufi, na bundi hageuki paka. Je, hapa si kunakili? Ni kunakili, tena kwa hali ya juu. Lakini tazama kinachohitajika: mwalimu asiyeachia hata irabu, miaka ya kurudiarudia, msahafu wa kusahihishia, na jamii nzima inayoona aibu kosa likipita. Aya haikujinakili yenyewe. Watu ndio waliogharimika ili isigeuke. Panapokosekana ulinzi huo, mambo hugeuka, na kwa mhadhiri huko kugeuka ndiko utamaduni wenyewe, hata wenzake wa idara wakimwambia ametia chumvi.

Jarida la kitaaluma la nadharia ya meme lilianza mwaka 1997, likafungwa mwaka 2005. Meme za intaneti zilishamiri baadaye, na huko kompyuta hunakili faili bila dosari. Ila mtu akiipokea picha, jambo la kwanza ni kubadilisha maneno yake, aicheke serikali yake au mwenye nyumba wake. Mwaka 2013 Dawkins mwenyewe alieleza kwamba meme ya intaneti hubadilishwa kwa makusudi, kwa ubunifu wa watu. Chrysippus angemkaribisha darasani.