Sungura Kibete: Umbo Dogo, Matunzo Kamili



Neno sungura hubeba wanyama wawili walio tofauti. Wa kwanza ni yule wa nyikani anayefahamika vyema na wachungaji. Mtoto wake huzaliwa akiwa na manyoya na macho yaliyofumbuka. Mama humwacha amejificha katika nyasi mchana kutwa, kisha humrudia giza linapoingia ili amnyonyeshe. Anayemwokota kwa kudhani ametelekezwa humtenga na mama aliye hai. Aidha, kukamata mnyamapori bila kibali ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Wa pili ni sungura wa kufugwa, mwenye asili ya Ulaya. Watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Familia inayotaka kumpatia mtoto mnyama wa kupenda na kutunza haina budi kumchagua huyu.

Miongoni mwa sungura wa kufugwa wamo vibete. Netherland Dwarf, aliyetokana na uzalishaji wa Uholanzi mwanzoni mwa karne ya 20, huwa na uzito wa takriban kilo 1, uso wa mviringo na masikio mafupi yaliyosimama. Ni mwepesi wa kushtuka. Holland Lop, mwenye masikio yaliyolala, hafikii kilo 2, na kwa kawaida ni mtulivu zaidi. New Zealand mweupe, anayefugwa kwa nyama, huvuka kilo 4. Kwa hiyo mnunuzi awaone wazazi kwanza, kwa kuwa mtoto wa sungura mkubwa naye huonekana kibete kwa majuma kadhaa.

Udogo huo una gharama. Vibete wawili wakipandishwa, takriban robo ya watoto huweza kurithi jeni ya ukibete kutoka kwa wazazi wote wawili, nao hufa siku chache baada ya kuzaliwa. Asiyekusudia kuzalisha atenganishe dume na jike mapema.

Meno ya sungura hukua maisha yake yote. Nyasi mbichi na zilizokaushwa vizuri ndizo chakula chake kikuu, kwani huyasaga meno na kuliendesha tumbo. Karoti na pumba ziwe kidogo. Majani ya nyanya na ya parachichi ni sumu kwake. Joto linalozidi nyuzi 30 laweza kumuua, hivyo kizimba kiwe kivulini, kiinuliwe juu ya ardhi, na maji safi yasikosekane.

Mifupa yake ni myepesi. Asibebwe kwa masikio. Mkono mmoja ushike kifua na mwingine utegemeze makalio, kwa sababu akirusha mateke hewani aweza kuvunjika uti wa mgongo. Mtoto mdogo amshike akiwa ameketi chini, mbele ya mtu mzima.

Sungura aliyegoma kula kwa nusu siku ni mgonjwa wa dharura. Asipewe dawa za binadamu: amoksilini ya kumeza huua bakteria wema wa tumboni na huweza kumwangamiza. Mfugaji awasiliane mara moja na Ofisa Mifugo wa kata yake.

Sungura kibete huweza kuishi miaka 7 hadi 10. Anayemleta nyumbani apime kwanza iwapo matunzo hayo yatadumu hata mtoto atakapokwenda sekondari.