Nusura Isipite Kimya

Ndugu wakaazi wa wadi za Mji Mkongwe,

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka ilhali mafundi wamo kazini wakilitengeneza. Watu wawili walifariki dunia. Miaka minane kabla ya msiba huo, kipande cha roshani ya jumba hilo hilo kilikwisha kuanguka.

Roshani ya jumba mashuhuri ikianguka, mji mzima hupata habari. Lakini jiwe la matumbawe likichomoka kwenye nyumba ya kichochoroni, likalipita bega la kibarua na kutua chini, wanaojua ni watu wawili au watatu. Hiyo ndiyo nusura: ajali iliyokwisha kutimia kwa kila kitu, ila haikumpata mtu.

Kinachofuata hujulikana. Kibarua hushusha pumzi, humshukuru Mola wake, kisa husimuliwa kwa kicheko wakati wa chai, na kazi huendelea. Kushukuru ni wajibu. Ila jiwe la pili lipo pale pale ukutani, na chokaa inayolishika imekwisha kuliwa na mvua. (Nyumba nyingi za mji huu huanza kufa kwa paa: maji yakipenya, boriti huoza, na ukuta hukosa wa kuushika.)

Ukimya huo hautokani na ujinga. Kibarua hulipwa kwa siku, naye huchelea kuambiwa kesho asije. Karakanani ni hivyo hivyo: msumeno usio na kinga humparuza seremala ukucha, naye hufunga kitambaa asionekane mzembe. Kwa hiyo wa kubadilika kwanza ni wenye kazi. Msimamizi anayemfokea mleta habari leo hataletewa habari ya kesho.

Zanzibar inayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005. Nao Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake mara moja aonapo hatari kubwa iliyo karibu, na mwajiri asimlazimishe kurudi mahali pale hatari ikiwa bado ipo.

Taarifa yenyewe haihitaji ufasaha: mahali, saa, kilichoanguka au kukatika, na aliyekuwa karibu. Asiyeandika aseme, msimamizi atie daftarini, na asubuhi ya pili, kabla mtu hajapanda jukwaa, daftari lisomwe mbele ya wote. Msimamizi akipuuza, habari ifikishwe kwa wakaguzi wa usalama kazini katika Wizara inayoshughulikia kazi. Na mpita njia aliyeona jiwe likidondoka kichochoroni amwarifu Sheha siku hiyo hiyo, kabla watoto hawajatoka skuli.