Udongo Usiopitisha Maji: Ulizeni Umetiwa Nini

Udongo uliotiwa dawa ya kuzuia maji huimarisha barabara na kuta. Lakini mvua isiyopenya hutiririka, na inaweza kubeba dawa hiyo hadi mtoni na visimani.

Huko Times Beach, Marekani, miaka ya 1970, barabara zilimwagiwa oili chafu ili kutuliza vumbi. Oili hiyo ilikuwa na sumu ya dioksini. Mwaka 1983 serikali iliamua kuununua mji mzima na kuwahamisha wakazi.

Basi oili chafu ya magari isimwagwe barabarani wala kupakwa ukutani. Chokaa na saruji pia huimarisha udongo. Mwanakandarasi akileta dawa, mwulizeni ina nini. Asipojibu, mjulisheni afisa wa mazingira kabla mvua hazijaanza.