"Mimi Hesabu Hapana"

Leo tuna sentensi moja tu ya kuijadili, nayo umewahi kuisikia, pengine umewahi kuisema: "Mimi hesabu hapana."

Mfikirie mama auzaye mchele hapa Mtendeni, mjini Tabora. Simtaji jina kwa sababu wako wengi. Mwambie kuna darasa la watu wazima, atacheka. "Mwanangu, mimi hesabu hapana, hizo niliwaachia kina kaka." Hajamaliza kucheka, mteja anafika: kilo tatu na robo, kilo moja 2,800, noti ya 10,000. Wewe bado unakunja vidole, chenji ya 900 imeshatoka. Na mteja anapoondoka, mama anamkumbusha, kwa heshima zote, lile deni la Ijumaa.

Sasa huyu hajui hesabu?

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1985 watafiti nchini Brazil walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya mjini Recife na watoto waliokuwa wakiuza vitu barabarani. Kwanza waliwaendea kama wateja wa kawaida. Mmoja, wa miaka 12, aliulizwa bei ya madafu kumi, kila moja 35. Akapiga hesabu kwa sauti: matatu ni 105, matatu mengine 210, mengine tena 315, bado moja, ni 350. Baadaye watoto walewale wakapewa maswali yaleyale yakiwa yameandikwa kwenye karatasi, kama ya shuleni. Sokoni walikuwa wamepata majibu sahihi 98 kwa kila 100. Kwenye karatasi walipata 37.

Watoto walikuwa watano tu, kwa hiyo tusiyabebeshe matokeo hayo mzigo mkubwa kupita kiasi. Lakini yanatosha kutufanya tumuulize mama wa mchele: hiyo "hapana" yako uliipata wapi? Mara nyingi jibu ni darasa la nne. Mwalimu alikuwa na haraka, ubao umejaa, mtoto akakosea mbele ya wenzake, wenzake wakacheka. Jioni nyumbani mtu mzima akasema, bila ubaya wowote, kwamba huyu hesabu si zake. Ilikuwa taarifa ya siku moja. Miaka thelathini baadaye bado anaitoa kama cheti cha kuzaliwa.

Sisi wa Tabora tuna sababu ya pekee ya kuzitilia shaka kauli za namna hii. Karne ya kumi na tisa, misafara ya kutoka Bagamoyo ikipita hapa kwenda Ujiji, kijana wa Unyamwezi alipimwa kwa mzigo. Mfanyabiashara Mswisi, Philippe Broyon, aliyeishi Unyamwezi miaka ya 1870, aliandika kwamba kijana hakuruhusiwa kuoa mpaka awe amebeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na kitambaa au waya wa shaba. Mzigo wa frasila mbili ulikuwa na uzito wa kilo 32 hivi, na safari ya kwenda tu ilichukua miezi. Wageni walipoona hayo wakahitimisha kwamba Mnyamwezi ameumbwa kubeba. Kumbe ile ilikuwa kazi, yenye ujira, yenye sifa, na yenye majadiliano makali: wapagazi walijua kutua mizigo njiani na kugoma mpaka posho iongezwe. Mwaka 1912 reli ikafika Tabora. Sababu ya kwenda pwani kwa miguu ikaisha, na kijana akaanza kupimwa kwa mambo mengine. Ile "tabia ya asili" iliyosemwa na wageni ilikuwa imetegemea njia na soko wakati wote.

Kuna mfano wa karibu zaidi. Kwa miaka mingi msichana aliyepata ujauzito akiwa shuleni aliondolewa, na hakurudi. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba anaruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida baada ya kujifungua. Agizo lilibadilika kwa tangazo la siku moja. Lakini wapo mabinti, na wapo wazazi wao, ambao mpaka leo wanasema "huyu shule ilishamwisha." Wanaitii amri ambayo mwenyewe aliyeitoa ameshaiondoa.

Basi mtu afanyeje? Hapa niwe mkweli kidogo. Simpendi sana yule mhamasishaji anayekodi ukumbi, akakutoza kiingilio, kisha akakuambia ujiangalie kwenye kioo kila asubuhi useme "naweza." Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeandika mengi kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake kuanzia mwaka 1977, aliona kwamba kinachoijenga imani hiyo kuliko vyote ni kufanya jambo lenyewe na kufaulu. Kumwona mtu wa hali yako akilifanya kunasaidia. Maneno ya kutiwa moyo yana nafasi yake, ila hayana nguvu ya tendo. Alifanya kazi na watu walioogopa nyoka kupita kiasi: hawakuhubiriwa, walisogezwa hatua kwa hatua, kwanza wakimtazama mwingine akimshika nyoka, hatimaye wakamshika wenyewe.

Nchi hii iliwahi kufanya hivyo kwa mamilioni. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee walioamini kwamba samaki hukunjwa angali mbichi walikwenda ngumbaru jioni, wengine wakafundishwa na watoto wa shule ya msingi. Takwimu za serikali za mwaka 1975 zilionyesha watu wazima 39 katika kila 100 hawajui kusoma na kuandika. Kufikia 1986 walikuwa wamebaki 10 hivi. Hakuna aliyengoja kwanza ajiamini ndipo ashike kalamu. Aliandika jina lake, akaliona, akarudi kesho yake.

Nikumbushe jambo moja ambalo wahamasishaji hulisahau. Si kila "siwezi" ni imani. Binti asiye na mtu wa kumwachia mtoto hana tatizo la fikra, ana tatizo la mlezi. Mtu anayeishi mbali na darasa lililo karibu naye kuliko yote ana tatizo la nauli. Ukimwambia abadili mawazo, umemtukana. Kwa hiyo, kabla ya kumshauri mwenzio, muulize: ukiondolewa hicho kikwazo leo, ungejaribu? Akisema ndiyo, tafuteni nauli. Akisema "hata hivyo, mimi hapana," hapo ndipo pa kuuliza nani alisema, lini, na kwa ushahidi gani.

Wewe mama wa mchele, kazi yako ya wiki hii ni ndogo. Nunua daftari. Jioni andika mauzo ya siku kwa tarakimu, chini yake andika gharama, utoe. Fanya hivyo hata kama jibu unalo kichwani. Tunataka mkono uyazoee yale ambayo kichwa kimekuwa kikiyafanya miaka yote. Ukikwama, mwite mjukuu.

Na kwa anayetaka kwenda mbali zaidi: aliyekosa sekondari anaweza kuanza na mtihani wa maarifa, ule tunaouita QT, akifaulu afanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kaulize kwa afisa elimu ya watu wazima wa wilaya yako, na uende mapema, kwa sababu usajili una tarehe yake ya mwisho.